Kopo la Juu ya Friji

"Binti anatumia dawa gani?" daktari aliuliza.

Janeal Thorley akainua kidevu. Alijibu kama mwanafunzi aliyelisubiri swali lake mwaka mzima. "Hatumii dawa yoyote, daktari. Nyumbani kwetu hatuna mambo ya dawa."

Jibu hilo ndilo lililokaribia kumharibia mtoto maisha. Mama unayesoma, lishike kwanza, tutalirudia. Na usidhani alidanganya. Angeapa mbele ya askofu na jicho lisipepese.

Mambo yalianza Septemba, wakati pichi zinaisha mitini na kila jiko la mji wa Payson linanuka sukari na mvuke wa chupa. Kenlee, binti yake wa miaka kumi na sita, akawa anaamka amechoka. Huyu alikuwa mkimbiaji wa shule, mtoto wa kupanda kile kilima cha makaburini bila kuhema, na sasa anasinzia juu ya bakuli la chai ya asubuhi isiyo na chai, maana watu wa pale hawanywi chai wala kahawa. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Janeal alizikusanya kila asubuhi, akazitia kwenye kifuko cha plastiki na kuandika tarehe juu yake.

Darrin, mumewe, alikiona kile kifuko dirishani. "Unashona mtoto mwingine?"

Janeal hakucheka. Yeye alikuwa mtu wa hofu tangu siku aliyozaa. Mtoto akikohoa chumbani, yeye anaketi wima kitandani. Mtoto akinyamaza, yeye anaketi wima vilevile.

Alimpeleka kliniki ya mjini. Daktari wa pale alimtazama Kenlee macho, akamtazama ulimi, akasema msichana anakua, alale mapema.

"Na nywele?"

"Zitaota."

Janeal aliitazama saa ya ukutani. Dakika saba. Amesubiri saa nzima kwa ajili ya dakika saba, na moja kati ya hizo daktari alikuwa anatafuta kalamu. Alitoka pale amefura. Jioni akamsimulia Rozanne Peay, jirani wa ng'ambo ya mfereji, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Muungano wa Akina Mama katika kata yao ya kanisa.

"Dada Janeal, huko unakwenda kufanya nini?" Rozanne alisema, mikono kiunoni. "Wale wanasubiri uanguke ndipo wakuokote. Nenda kwa Daktari Ashdown. Yeye hatibu jani, anatafuta mzizi. Anakukinga kabla hujaugua. Gaylen wangu alikuwa hawezi kupanda ngazi, mtazame leo!"

Gaylen, mumewe Rozanne, alikuwa nyuma ya ua akisukuma mashine ya kukata majani, uso mwekundu kama nyanya. Akapunga mkono.

Basi wakaenda. Ofisi ya Daktari Ashdown zamani ilikuwa duka la rangi, sasa ina viti laini na maji yanayotiririka juu ya mawe. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kulaza watoto. Alikaa nao saa moja na nusu. Aliwapa fomu ya kurasa ishirini na mbili. Aliuliza mimba ilikwendaje, mtoto alinyonya miezi mingapi, aliwahi kuumwa masikio mara ngapi, analala saa ngapi, nani ana hasira nyumbani. Alipofika hapo pa hasira Janeal akalia. Miaka kumi na sita anahangaika na huyu mtoto, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu zaidi ya kadi ya bima.

Kisha akamfundisha jambo moja, na hili alifundisha vizuri, tusimnyime haki yake. Alimpa karatasi ndefu kama kitambaa cha meza, akachora mstari katikati. "Mama Thorley, kila kitu kinachobadilika, kiandike hapa na tarehe yake. Chakula, usingizi, shule, hata mbwa mpya. Siku mwili ukibadilika, usiulize ni ugonjwa gani. Uliza nini kilibadilika kabla yake."

Akatoa damu ya Kenlee, chupa sita, ya kujua hali kabla haijaharibika. Majibu yakarudi mazuri yote. Sukari, chuma, tezi ya shingoni, kila kitu mahali pake. Janeal aliandika kwenye mstari: *Septemba ishirini na moja, damu safi.*

Halafu zikaja amri. Ngano, marufuku. Maziwa na sukari, marufuku. Mboga nusu ya sahani. Kutembea jioni. Kulala saa tatu na nusu, na simu ilale jikoni, si chumbani. Na mwisho, unga. Vijiko viwili kila asubuhi kwenye glasi ya maji.

Unga wenyewe ulikuwa wa rangi ya pinki, unanukia matunda, na aliyekuwa anauuza si mwingine ila Rozanne. Kopo lilipewa mahali pake juu ya friji, karibu na picha ya hekalu.

Kuondoa ngano ndiko kulikokuwa na kazi. Darrin alishuka ghala la chini ya nyumba, akarudi anacheka mpaka anashika ukuta. "Janeal, tuna ndoo ishirini na nane za ngano huko chini. Tumeziweka kwa ajili ya siku za mwisho. Kumbe ngano ndiyo siku za mwisho zenyewe!"

"Cheka," Janeal alisema. "Wewe cheka tu."

Na kweli, kufika Novemba Kenlee alikuwa mtu mwingine. Anaamka mwenyewe. Anakimbia. Nywele fupifupi mpya zimesimama kwenye paji la uso kama manyoya ya kifaranga. Ukweli ni kwamba ile simu ilikuwa inamkesheza mpaka saa nane za usiku, na sasa ilikuwa inalala jikoni na mtoto analala chumbani. Lakini nani anaisifu simu iliyolala? Walilisifu kopo. Kenlee mwenyewe alikuwa akilishusha kwa mikono miwili.

"Mama, usilisogeze. Dansi ya Februari nataka nywele zifike hapa." Akajionyesha bega.

Januari, Ashdown akatoa damu tena. Ndiyo desturi yake, kila msimu, mgonjwa na mzima. Safari hii alipiga simu mwenyewe.

"Mama Thorley, tezi ya Kenlee inakimbia. Inafanya kazi kupita kiasi. Lakini ugonjwa tumeuwahi. Hii ndiyo kinga ninayoisema, tumeuwahi kabla haujaonekana."

Janeal alikaa chini palepale, sakafuni, mgongo kwenye friji. Ashdown akaongeza unga, vijiko vitatu badala ya viwili, kuusaidia mwili. Baada ya wiki mbili akapima tena. Hesabu zilikuwa mbaya zaidi. Sauti ya kulaza watoto ikamwishia. Akawaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa tezi.

Ndipo tulipoanzia. Daktari Osterhout alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haraka, nywele zimebanwa kwa kalamu. Aliuliza dawa, akapewa lile jibu, akaandika *hakuna*. Akamshika Kenlee mkono, akahesabu mapigo. Akamwambia anyooshe vidole. Akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi haikutikisika.

"Ajabu," alisema. "Moyo unakwenda taratibu. Mikono imetulia. Umepungua uzito?"

"Nimeongezeka kidogo," Kenlee alisema. "Lakini ni misuli."

Damu ya mchana ule ikarudi na maneno yaleyale. Tezi inakimbia, na askari wa mwili wenyewe ndio wanaoipiga viboko. Osterhout alisema kwa kawaida mtu wa hesabu hizi anatetemeka na halali, lakini damu ndiyo damu. Akaandika vidonge vya kuizuia tezi. Vidonge hivyo vina hatari yake, alisema bila kuficha. Mara chache vinaangusha kinga ya mwili mpaka homa ndogo inakuwa jambo la kukimbilia hospitali. Na vikishindwa, tezi itaunguzwa au itakatwa, na Kenlee atameza kidonge kila siku mpaka azeeke. Kwanza waje Jumatatu asubuhi, tumbo tupu, atoe damu ya mwisho kupima na ini. Jumanne aanze.

Njia nzima ya kurudi Kenlee alitazama theluji ya mlima Nebo. Walipokaribia nyumbani akauliza, "Wanakata hapa? Mbele?" Akapitisha kidole shingoni.

Janeal aliushika usukani kwa nguvu, kidogo aung'oe.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya mwezi, Jumapili ya mfungo. Kila mwezi watu wa kanisa lile hawali wala hawanywi siku hiyo, na kanisani wanasimama mmojammoja kutoa ushuhuda. Rozanne alizunguka kata nzima kwa simu. Wote wafunge kwa ajili ya Kenlee Thorley. Wakafunga. Wazee wakafunga, watoto wakubwa wakafunga. Darrin, ambaye kwa kawaida saa sita anaanza kunusa sufuria, hakugusa hata maji. Kenlee naye hakutia kitu mdomoni mpaka jioni.

Jumatatu alfajiri wakaenda na tumbo tupu. Saa nane mchana simu ikalia.

"Mama Thorley," Osterhout alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. "Damu ya leo ni nzuri. Tezi iko sawasawa kabisa. Vidonge msianze kwanza. Ijumaa mrudi tupime tena, sielewi."

Janeal alielewa, au alidhani ameelewa. Alipiga magoti palipo na kapu la nguo chafu. Kabla hajanyanyuka Rozanne alikuwa mlangoni, koti begani, machozi mpaka kidevuni. "Tulifunga! Si nilikwambia? Kata nzima tulifunga!" Wakashikana wakaruka kama wasichana.

Jumanne asubuhi Kenlee akalishusha kopo, akachota vijiko vitatu. Jumatano vilevile, Alhamisi vilevile. Ijumaa akanywa, akaenda shule, mchana akatolewa damu.

Jioni ile Osterhout akapiga. Hesabu zimerudi mbaya, pengine kuliko mwanzo. Alidhani chupa ya Jumatatu ilichanganywa na ya mtu mwingine. "Samahani sana. Anzeni vidonge kesho asubuhi."

Rozanne alizipata habari kabla ya kuku kutoka bandani. Jumamosi asubuhi alikuja bila kuruka, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Sisemi kitu, Dada Janeal."

"Basi usiseme."

"Ila wakati mwingine baraka inakuja, inaangalia ndani ya nyumba, haioni pa kukaa. Mtu ajipime tu. Labda kuna shaka mahali. Labda Darrin..."

Darrin alikuwa anakula yai. Akaliacha.

"Rozanne," Janeal alisema, "chukua koti lako."

"Sijavua koti."

"Basi umepunguza kazi. Mlango ni uleule."

Alipotoka, Janeal alitetemeka kwa hasira kuliko huyo mgonjwa wa tezi anayesemwa. Shaka! Amehesabu nywele za mtoto kwa tarehe, leo anaambiwa hana imani. Akavuta droo, akatoa ile karatasi ndefu ya Ashdown, akaitandaza sakafuni jikoni mpaka ikafika mlangoni. Akapiga magoti juu yake na kalamu.

Septemba, damu safi. Kabla ya hapo, unga? Haukuwepo. Januari, damu mbaya. Unga, miezi minne. Vijiko vitatu, damu mbaya zaidi. Jumatatu, damu nzuri. Nini kilibadilika kabla yake? Aliandika polepole: *Jumapili, hakula. Hakunywa. Jumatatu, tumbo tupu.* Ijumaa, damu mbaya. Ijumaa asubuhi alikula mayai, mchicha...

Akainua kichwa. Kopo lilikuwa linamtazama kutoka juu ya friji.

Alipanda kiti akalishusha. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo, kama yameandikwa na sisimizi. Alivaa miwani ya Darrin juu ya yake. Vitamini hii, vitamini ile, na katikati, biotini, ile vitamini ya nywele na kucha. Mbele yake kulikuwa na asilimia ya mahitaji ya siku, na asilimia yenyewe ilikuwa na tarakimu nyingi mpaka akadhani ni namba ya simu.

"Kenlee!"

Kenlee akaja na mswaki mdomoni.

"Leo umeshakunywa huu unga?"

"Bado."

"Hutakunywa. Wala kesho."

"Mama! Wiki ijayo ni dansi!"

"Utacheza na nywele ulizonazo."

"Lakini ni chakula tu! Wewe mwenyewe umesema ni chakula!"

Ndiyo, alisema. Neno lile lilimrudia Janeal kifuani kama kiwiko. Akachukua simu, akampigia Ashdown kwanza, kwa heshima. Ashdown alisikiliza. Akasema ukikata ghafla mwili utayumba, unajisafisha, avumilie.

"Daktari, wewe ndiye uliyenifundisha niulize nini kilibadilika. Nimeuliza. Ni kopo lako."

"Mama Thorley, unga si tatizo. Unga ni chakula."

"Chakula gani hicho, mtu akikiacha siku moja damu yake inatengemaa?" Akakata.

Halafu akapiga hospitali. Alipokea muuguzi wa zamu, sauti kavu. Janeal akasema vidonge havianzi leo, kwanza anataka damu ipimwe tena bila unga.

"Mama, maagizo ni aanze leo. Ukikataa itabidi niandike kwamba mzazi amekataa."

"Andika. Jina langu liandike lote, usilifupishe. Halafu andika na hili, kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi mzazi huyo atakuwa mlangoni kwenu, na mtoto, na kopo."

Darrin alikuwa amesimama kando ya sinki. "Janeal, ukikosea je?"

Hapo hofu yake yote ya miaka kumi na sita ilimrudia. Aliiona shingo ya Kenlee, aliiona homa, aliona kila kitu ambacho mama huona. "Nikikosea ni siku mbili, na nitamlinda kwa macho yangu usiku na mchana. Wao wakikosea ni maisha yake. Sogea nipite."

Siku zile mbili hakulala. Alimhesabu Kenlee mapigo ya moyo akiwa usingizini mpaka mtoto akasema, "Mama, ukinishika tena nitapiga kelele."

Jumatatu saa mbili kasorobo walikuwa mlangoni. Osterhout alikuja na faili, uso umefungwa. Kabla hajafungua mdomo, Janeal aliweka kopo juu ya faili.

"Soma nyuma."

Daktari alisoma. Akasoma mara ya pili. Akaitoa ile kalamu kwenye nywele, nywele zikamwangukia, wala hakuzishika.

"Anakunywa hii tangu lini?"

"Septemba. Siku aliyofunga ndiyo siku damu yake ilipokuwa nzuri."

Osterhout akakaa. Akaeleza polepole, na Janeal alimtaka arudie mpaka akaelewa. Mashine ya maabara inatumia vitamini hiyohiyo kama gundi ya kunasia kile inachokihesabu. Mtu akiwa amejaza vitamini hiyo kwenye damu, gundi inavurugika, na mashine inatoa namba za uongo. Tezi nzima inaonekana mgonjwa. Na kuna mashine nyingine zinavurugika kinyume chake, alisema. Mtu moyo wake unapasuka, na kipimo cha damu kinasema hana kitu.

"Mama, nilikuuliza anatumia dawa gani."

"Uliniuliza dawa!" Janeal alipiga meza, muuguzi akachungulia. "Kwetu hii si dawa, daktari. Kwetu hii iko jikoni. Inauzwa na jirani. Watoto wanaramba kijiko. Utauliza dawa mpaka kesho na kila mama wa bonde hili atakwambia hana. Uliza anameza nini! Asubuhi mpaka jioni, anatia nini mdomoni! Mlijua mashine yenu ina ugonjwa huu na hamkuuliza."

Kenlee alishika mkono wa mama yake. "Mama, punguza sauti."

"Sipunguzi."

Osterhout akavuta faili. Aliandika kitu, akaita mtu wa damu. Saa saba mchana majibu yakatoka. Tezi sawasawa. Wale askari wa mwili waliosemwa kuipiga tezi hawapo, hawakuwahi kuwepo. Osterhout alimpa Kenlee mkono wa kwaheri akasema, "Nusura nikutibu ugonjwa wa mashine." Chupa ya vidonge Janeal aliirudisha kwenye dirisha la dawa la hospitali, mfuniko haujaguswa.

Sasa ungedhani yameisha. Hayakuisha, kwa kuwa watu wakishaona muujiza hawapendi kunyang'anywa. Wiki ileile Rozanne aliweka picha ya Kenlee kwenye ukurasa wake wa kuuzia unga, Kenlee na gauni la dansi, na chini yake maneno kwamba binti huyu alipona kwa maombi na vijiko vitatu. Janeal alimwambia aitoe. Rozanne akasema inawatia watu moyo. Ashdown naye, alipopelekewa habari za maabara, alijibu kwa mistari miwili kwamba kila mwili ni tofauti.

Jumapili ya kwanza ya Machi, mfungo tena, kanisa limejaa, matumbo yananguruma mpaka safu ya nyuma inasikia. Rozanne alisimama, akashuhudia, akamtaja Kenlee. Akina mama wakapangusa macho. Aliporudi kukaa, Janeal alinyanyuka.

"Mama, tafadhali," Kenlee alinong'ona, akazama kwenye kiti.

Alipanda jukwaani. Yeye ndiye ambaye hata kusoma tangazo la keki huwa anamtuma mtu. Akaishika mimbari.

"Ndugu zangu na dada zangu, mlifunga kwa ajili ya mtoto wangu na sitasahau. Mungu alitusikia. Alitunyima kifungua kinywa ili mimi nione. Huo ndio muujiza na mimi naushuhudia. Lakini Kenlee hakuponywa, kwa sababu Kenlee hakuwa mgonjwa. Ni unga."

Askofu Ludlow, nyuma yake, akakohoa.

"Ni unga wa kwenye kopo la pinki, na humu ndani nyumba nyingi mnalo. Unadanganya vipimo. Kidogo mwanangu azimwe tezi nzima na mimi nikitoa ahsante. Siwaambii mrudi kula ovyo. Mtoto kulala mapema kulimponya uchovu, mboga hazijaua mtu, simu bado inalala jikoni kwangu na italala mpaka aolewe. Siwaambii mdharau hospitali wala mwiabudu. Nawaambia andikeni kila mnachomeza na mkienda kwa daktari mumpe karatasi, hata asipouliza. Na wenye ugonjwa wa moyo, nyie hasa. Unga huu unaweza kuficha moyo unaokufa."

"Dada Thorley," askofu alisema kwa upole, "mimbari ni ya ushuhuda."

"Ndio huu, Askofu. Sina mwingine." Akasema amina. Sauti chache zikaitikia. Akashuka, na njia nzima ya kurudi kitini hakuna aliyemtazama isipokuwa Darrin, ambaye alisogea kumpa nafasi na kusema kwa sauti ya kusikika safu tatu, "Umechelewa wewe, nilishaanza kukukosa."

Mchana ule simu haikulia. Kwa kawaida Jumapili ya mfungo majirani hukaribishana chakula cha jioni. Hakuna aliyewakaribisha. Janeal alipika viazi, akala, akajiambia na iwe hivyo.

Saa kumi na moja mlango ukagongwa. Ni Rozanne, na bakuli la viazi vya jibini mikononi, lililofunikwa kwa karatasi ya alumini. Kope zilikuwa zimevimba.

"Umenidhalilisha mbele ya kata nzima," alisema.

"Ndiyo."

"Mwaka mzima nitasikia habari zake."

"Utasikia. Toa picha ya mwanangu."

"Nimeshatoa." Rozanne alilisogeza bakuli, akalirudisha kifuani. "Janeal. Ulichosema cha moyo. Gaylen juzi alibanwa kifua. Tulimpeleka usiku, wakampima damu, wakasema hana kitu, ni asidi ya tumbo. Anakunywa vijiko vinne. Mimi ndiye ninayemkorogea."

Janeal hakumkumbatia. Mkono wake ulikwenda ndoanoni ukachukua funguo za gari.

"Yuko wapi sasa?"

"Kwenye kochi. Anasema asidi."

"Kalete kopo. Uliza leo amekunywa saa ngapi, andika kwenye karatasi. Darrin! Washa gari! Na wakikuuliza anatumia dawa gani, Rozanne, usije ukainua kidevu."

Rozanne aliweka viazi kwenye ngazi, akakimbia kuvuka mfereji na viatu vya kanisani.